ABEBAYE NGOMA HACHEZI

Kama umepata kusafiri kwa barabara kutoka Singida kwenda upande wa Ziwa, basi Tinde unaifahamu, hata kama jina lake hukulishika. Ni pale ambapo barabara itokayo Nzega hugawanyika. Aendaye kulia huelekea Shinyanga mjini na hatimaye Mwanza. Aendaye kushoto hushika njia ya Isaka na Kahama, na akiendelea hufika mpakani Rusumo. Usiku na mchana malori ya mizigo hupumzika hapo, mama ntilie hawauachi moto wao uzimike, na kila msafiri hulazimika kukata shauri: kulia au kushoto, kulala au kuendelea.

Ilikuwa Ijumaa jioni, wakati wa mavuno, jua likiwa limekwisha kuwa jekundu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mama ntilie mmoja, nikingoja wali na dagaa, lilipoingia gari moja kuukuu aina ya Coaster. Juu ya paa lake zilifungwa ngoma, majembe ya kuchezea, mabomba ya kusimamishia mapazia na jenereta dogo lililofunikwa turubai. Wakateremka vijana kama ishirini, wake kwa waume, wamechoka, nyuso zimejaa vumbi, lakini bado wanataniana na kuimba. Wa mwisho kuteremka alikuwa mtu mzima mwenye daftari kwapani. Hakuimba. Alisimama mlangoni akawahesabu wote, mmoja mmoja, kwa kidole. Kisha akalizunguka gari, akapiga teke kila gurudumu, akaigusa kila kamba. Ndipo alipokuja kukaa, na hata alipokaa alikaa upande ambao gari lingeonekana.

Niliuliza huyu ni nani katika kundi. Kijana mmoja akanijibu kwa kicheko, "Huyu ndiye mzee wetu. Yeye hachezi. Yeye anatubeba."

Ndugu msomaji, nimelifikiria jibu lile siku nyingi. Katika ukurasa huu tumekwisha kuwazungumzia wachezaji, waimbaji na waigizaji. Magazeti na redio huwataja kila juma. Lakini ni nani amepata kumtaja mtu anayehakikisha kwamba wachezaji hao wamefika, wamekula, wamelala, wamelipwa, na wamerudi kwa mama zao wakiwa hai? Wengine humwita meneja wa ziara, wengine kiongozi wa msafara, na katika vikundi vidogo huitwa tu katibu. Leo tuizungumzie kazi yake.

Tusidhani kwamba kazi hii ni ngeni katika nchi yetu, au kwamba ililetwa na muziki wa umeme. Katika karne ya 19, misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma ilipokuwa ikichukua pembe za ndovu kutoka bara kwenda pwani, mbele ya msafara alikuwako mtu aliyeitwa kirangozi. Neno hilo ni ndugu wa neno letu "kiongozi". Yeye ndiye aliyeijua njia, aliyeyajua maji yalipo, aliyetambua wakati wa kutua mizigo na wakati wa kuitwika. Msafara ulikwenda kwa nyimbo na ngoma, lakini nyimbo hizo zisingemfikisha mtu Bagamoyo kama kirangozi angekosea kisima. Ukiyatazama mambo kwa jicho hilo, yule mzee wa Tinde hakuwa na kazi mpya. Alikuwa na kazi ya babu zake, isipokuwa pembe za ndovu zimegeuka kuwa vipaza sauti.

Tena, katika nchi ya Wasukuma, mashindano ya ngoma yana utaratibu wake wa tangu zamani. Simulizi huwataja Ngika na Gumha, mafundi wawili wa ngoma na dawa, kuwa ndio waasisi wa vyama viwili vikuu, Bagika na Bagalu, ambavyo hadi leo hushindana baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na lile linalovuta watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Hakuna jaji mwenye kalamu. Wingi wa watu ndio hukumu. Mwenye kutaka kuyaona mashindano hayo aende Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padri David Clement, wakati wa sikukuu ya Bulabo ambayo kwa kawaida huangukia mwezi wa Juni. Atawaona wacheza nyoka na atawaona wachezaji wa bugobogobo wakirusha majembe. Lakini akichungulia nyuma ya uwanja atamwona pia mtu anayeulizia maji ya kunywa ya wachezaji, na anayebishana na mwenye gari. Huyo ndiye mtu wetu.

Baada ya Uhuru mambo yalichukua sura nyingine. Palikuwa na Kikundi cha Ngoma cha Taifa. Palikuwa na vikundi vya majeshi, vya mashirika ya umma na vya viwanda. Na bendi nyingi za dansi zilikuwa mali ya mashirika, jumuiya na vyama vya wafanyakazi. Wakati huo kiongozi wa msafara aghalabu alikuwa mtumishi wa shirika: gari la shirika, mafuta ya shirika, mshahara mwisho wa mwezi. Miaka ya 1980 vikaja vikundi vya watu binafsi, kama vile Muungano chini ya Norbert Chenga, vilivyochanganya ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na taarabu katika onyesho moja la saa nyingi. Mwaka 1992 ikaanzishwa Tanzania One Theatre, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Kapteni John Komba, hadi alipofariki Februari 2015. Vikundi hivi vilipozunguka mikoani vilitegemea kitu kimoja kikubwa: kiingilio cha mlangoni. Hapo ndipo kazi ya kiongozi wa msafara ilipokuwa ngumu kweli kweli, kwa sababu sasa hesabu ikikosewa hakuna shirika la kuifidia.

Sasa basi, kazi yenyewe ni ipi? Yule mzee alinieleza akiwa anakula, daftari limefunguliwa kando ya sahani, na mimi nakueleza wewe kama alivyonieleza.

Kazi huanza miezi miwili au mitatu kabla gari halijawashwa. Jambo la kwanza ni kuchagua majira. Katika kanda hii ya Shinyanga na Geita, fedha haziko mifukoni mwa watu mwaka mzima. Kwa mkulima wa pamba na mpunga, Juni, Julai na Agosti ni miezi ya neema. Januari na Februari ni miezi ya kupalilia na kukopa. Ukipeleka onyesho kijijini mwezi wa Februari utapata watazamaji wengi nje ya uzio na wachache ndani. Mfanyakazi wa mgodi mkubwa hulipwa mwisho wa mwezi, hivyo onyesho la karibu na migodi sharti liangukie siku hizo. Ama mchimbaji mdogo, yeye hana kalenda. Leo duara limetema dhahabu, mji mzima una fedha. Kesho inatokea rashi mahali pengine, na watu elfu kadhaa wanahama usiku mmoja pamoja na vibanda vyao. Kiongozi wa msafara aliyebandika matangazo juma lililopita hufika akakuta matangazo yake yanasomwa na mbuzi. Ndiyo maana, alisema, kabla ya kuthibitisha siku yoyote katika machimbo, humpigia simu si mwenye ukumbi bali muuza vocha na mama ntilie, kwa maana hao ndio wanaojua kama watu bado wapo.

Kisha yazingatiwe mengine: mwezi wa Ramadhani, Kwaresima, mitihani ya shule, siku ya mnada, mwanga wa mwezi kwa vijiji visivyo na taa, na mvua. Kwa onyesho la uwanjani mvua ya saa moja inatosha kuifuta faida ya siku kadhaa.

Jambo la pili ni vibali. Kikundi kinapaswa kuwa kimesajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Hilo likiisha, kila wilaya ina Afisa Utamaduni wake anayepaswa kuarifiwa. Polisi wanapaswa kujua kwa ajili ya usalama. Halmashauri ina ushuru wake. Ofisi ya kata nayo haipendi kushtukizwa. Kikundi chenye nyoka kinahitaji pia karatasi za maofisa wa wanyamapori. Hapo yule mzee alicheka, kwa maana kundi lake lilikuwa na chatu ndani ya sanduku la mbao chini ya kiti cha nyuma. "Huyu," alisema, "ndiye msanii wangu asiyedai posho, lakini ndiye anayenifukuzisha nyumba za wageni." Imembidi kujifunza kuuliza mapema, kwa upole, kabla ya kulipa vyumba, kama mwenye nyumba ana ugomvi na nyoka.

Jambo la tatu ni kutanguliza mtu. Siku mbili au tatu kabla ya kundi, kijana mmoja huenda mbele kwa basi. Huyo hupima jukwaa kwa hatua, huangalia umeme unafika wapi na unakatika saa ngapi, huhesabu milango, hutafuta mahali pa kulala na pa kula, na hukodi gari la kutangazia. Ripoti yake ya simu ndiyo humwambia kiongozi wa msafara achukue waya wa urefu gani na mapazia mangapi. Kiongozi asiyekuwa na mtangulizi hufika ukumbini saa kumi jioni akagundua kwamba dari ni fupi kuliko wanasarakasi wake.

Nikamwuliza kuhusu fedha. Aliacha kula. Akaniandikia hesabu kwa mfano, nami nakuwekea hapa, ndugu msomaji, ili nawe uipime. Chukua kundi la watu 20. Tuseme kiingilio ni shilingi 3,000, na wamekuja watu 400. Mlangoni umepata shilingi 1,200,000. Ni fedha nyingi machoni. Sasa toa vyumba 10 kwa shilingi 15,000 kila kimoja: 150,000. Chakula cha watu 20 kwa shilingi 10,000: 200,000. Posho ya watu 20 kwa shilingi 15,000: 300,000. Ukumbi, ushuru na walinzi: 150,000. Mafuta ya gari na jenereta: 250,000. Matangazo: 60,000. Jumla ya matumizi ni 1,110,000. Umebaki na shilingi 90,000, na gari bado halijabadilishwa mpira hata mmoja.

Kesho yake mvua imenyesha, wamekuja watu 150. Mlangoni umepata 450,000. Lakini tumbo la msanii halijui kwamba mvua imenyesha, wala pampu ya mafuta haijui. Matumizi ni yale yale 1,110,000, hivyo umeanguka kwa shilingi 660,000. Hesabu mwenyewe: usiku saba mwema, wa faida ya 90,000 kila mmoja, hautoshi kuufuta usiku mmoja mbaya. Ndiyo maana kiongozi mwenye busara hatoi nyongeza usiku wa furaha, hata wasanii wakinuna. Huweka akiba kwa ajili ya usiku wa mvua. Na ndiyo maana hupenda kuuza onyesho zima kwa mwandaaji, yule ambaye vijana humwita promota, kwa bei iliyokubaliwa kwa maandishi, nusu ikilipwa kabla ya gari kuondoka. Mwandaaji asiyelipa nusu kabla, mara nyingi hata ile nusu ya baadaye hulipa kwa visingizio.

Mlangoni napo pana elimu yake. Vitabu vya tiketi lazima viwe na namba. Kiongozi huandika namba ya kwanza kabla ya mlango kufunguliwa na namba ya mwisho baada ya kufungwa, na anayeuza hawi yule anayekata. Hukagua nyuma ya ukumbi, kwa maana mara nyingi shimo katika uzio lina mwenyewe anayekusanya kiingilio chake. Huwahesabu watu kwa macho mara tatu katika usiku mmoja. Si kwamba hamwamini mtu, ni kwamba, kama alivyosema, "hesabu isiyokaguliwa huzaa ugomvi hata kati ya ndugu waaminifu."

Lakini, ndugu msomaji, kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia, nataka tutazame pia watu na si fedha tu. Katika lile gari walikuwamo mabinti saba. Kila mmoja ana wazazi waliolala usiku ule wakiwa hawajui mtoto wao yuko wapi hasa. Kiongozi wa msafara amepokea dhamana ya wazazi hao, iwe wamemkabidhi kwa maneno au la. Mzee wetu ana kanuni zake, nami nimeziona kuwa za haki. Mabinti hulala wawili wawili, vyumba vinavyofuatana, na yeye hulala chumba cha kuingilia. Hakuna mwandaaji anayepewa namba ya simu ya msanii. Mambo yote hupitia kwake. Na posho ya binti hulipwa mkononi mwake, usiku ule ule, mbele ya shahidi, ili asiwepo mtu wa nje wa kumwambia kwamba chakula chake kinategemea ukarimu wake. Sheria yetu ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007 imeitaja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Lakini sheria iko kwenye kitabu, na mlango wa nyumba ya wageni uko Katoro. Kati ya hivyo viwili panahitajika mtu.

Yako pia maradhi. Malaria haiulizi ratiba. Kiongozi hubeba kisanduku cha dawa za huduma ya kwanza, na jina la kituo cha afya cha kila mji analiandika juu ya ukurasa wa siku hiyo. Ziko ugomvi, ziko mapenzi, ziko taarifa za misiba. Msanii anapofiwa akiwa ziarani, kiongozi ndiye hupokea simu, na ndiye huamua amwambie sasa, kabla ya onyesho, au baada. Nilimwuliza yeye hufanyaje. Akajibu kwamba humwambia mara moja. "Onyesho linaweza kupunguzwa mtu. Mtu akijua kwamba ulimficha msiba wa mama yake ili acheze, hutampata tena."

Na yeye je, nyumbani kwake? Alikuwa na watoto wanne. Katika miezi sita ya ziara, alisema, huwa nyumbani siku zisizozidi thelathini. Mtoto wake wa mwisho alianza darasa la kwanza yeye akiwa Tunduma. Mkewe amekuwa baba na mama: ndiye aendaye kwenye vikao vya wazazi, ndiye apauaye nyumba, ndiye ajibuye majirani wanaouliza kama kweli mume anafanya kazi au anazunguka na wacheza ngoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida za kazi kwa juma. Mtu huyu humaliza saa hizo kabla ya Alhamisi. Tunapopiga makofi ukumbini, tukumbuke kwamba sehemu ya makofi hayo ni ya mama mmoja aliyebaki nyumbani na daftari la duka.

Sasa narejea Tinde, kwa sababu sijakueleza lililonifanya niandike.

Kundi lile lilikuwa limecheza Nzega usiku wa Alhamisi. Asubuhi, gari likaharibika njiani. Fundi akapatikana saa nane za mchana. Jumamosi walitakiwa Katoro, katika Mkoa wa Geita, kwa maonyesho mawili: la watoto saa nane mchana na la watu wazima usiku. Kulijenga jukwaa huchukua saa tano. Yaani, ili onyesho la watoto lifanyike, walipaswa kuondoka Tinde usiku ule ule, wakesha njiani, wafike alfajiri. Wakati tukizungumza, simu yake ililia mara nne. Alikuwa ni mwandaaji, akimtaka asilale. Tiketi za watoto zimekwisha kuuzwa. Asipotokea, atakatwa fedha. Wasanii nao walimzunguka: "Mzee, twende. Tutalala ndani ya gari."

Akamwita dereva. Hakumwuliza kama anaweza. Dereva akiulizwa hivyo mbele ya watu husema ndiyo. Alimwuliza jambo moja tu: "Mara ya mwisho ulilala lini?" Dereva akatazama chini. Alikuwa hajalala tangu Alhamisi asubuhi; usiku alisaidia kubomoa jukwaa, mchana alikuwa chini ya gari pamoja na fundi.

Ndugu msomaji, wewe ungefanyaje? Kabla hujajibu, kumbuka yaliyotokea katika nchi zetu. Januari 1979, Mbaraka Mwinshehe, fahari ya Morogoro, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, mbali na kwao. Machi 2011, wasanii zaidi ya kumi wa kundi la Five Stars Modern Taarab walipoteza maisha barabarani mkoani Morogoro, wakiwa njiani kurejea Dar es Salaam kutoka ziarani. Kundi lililoondoka na nyimbo likarudi na majeneza. Kwa miaka mingi mabasi ya abiria yalikatazwa kutembea usiku kucha, na ruhusa ikarejeshwa mwaka 2023; lakini ruhusa ya barabara haimfanyi dereva aliyechoka kuwa mzima. Usiku, barabara ya kushoto pale Tinde ni ya malori. Mengine huharibika na kusimama gizani bila alama yoyote isipokuwa tawi la mti.

Yule mzee alifunga daftari. Akasema, "Tunalala."

Palizuka manung'uniko. Kijana mmoja mwanasarakasi alisema kwa sauti kwamba mzee anaogopa, na kwamba posho zao ndizo zitakazolipa woga wake. Hakumjibu. Alikwenda kutafuta vyumba. Nyumba ya kwanza ikamkataa kwa sababu ya chatu, ya pili ikamkubali. Akampigia mwandaaji na kumwambia kwamba onyesho la watoto halitakuwapo, kwamba anajua atakatwa, na kwamba yuko tayari kukatwa. Nilisikia sauti ya upande wa pili ikipanda; yake haikupanda. Kisha akamnunulia dereva chakula, akamwonyesha chumba, akachukua ufunguo wa gari, akauweka mfukoni mwake. Mwisho akawahesabu tena watu wake mlangoni mwa nyumba ya wageni. Walikuwa 20.

Saa kumi na moja alfajiri waliondoka, kwa njia ya Kahama. Baadaye nilimpigia kumwuliza. Walifika salama, wakacheza usiku, uwanja ukajaa. Mwandaaji alikata fedha ya onyesho la mchana, kama alivyoahidi. Mzee aligawa hasara hiyo kwa namna ambayo wasanii walipata posho yao nusu, na yeye hakupata kitu. Nikamwuliza kama ajali yoyote ilitokea njiani usiku ule, ili niandike kwamba alikuwa na haki. Akanijibu kwamba hapakutokea ajali yoyote. Barabara ilikuwa salama usiku kucha. Wangeliondoka, pengine wangelifika.

Hapo ndipo penye uzito wa kazi hii, ndugu msomaji. Mchezaji akifanya vizuri, watu elfu huona. Kiongozi wa msafara akifanya vizuri, hakuna kinachoonekana. Ajali ambayo haikutokea haina picha, na wale aliowaokoa humdai posho. Hulipia kwa fedha halisi jambo ambalo hawezi kuthibitisha kwamba lingetokea. Ndiyo maana kazi hii haifai kwa mtu anayependa sifa. Yafaa kwa yule anayeweza kulala akiwa amelaumiwa.

Tuseme nini basi, sisi tusiokuwa ndani ya gari?

Kwa wazazi: mtoto wako akikuambia kwamba amejiunga na kikundi cha sanaa, usianze kwa kumkataza wala kwa kumsifu. Uliza kwanza nani anawaongoza safarini. Mwone mtu huyo. Mwulize dereva wao hulala lini, mabinti hulala wapi, na posho hulipwa mkononi mwa nani. Akikasirika kwa maswali hayo, umekwisha kujibiwa.

Kwa waandaaji wa maonyesho: ratiba isiyokuwa na nafasi ya gari kuharibika ni ratiba ya kuua watu. Siku moja ya mapumziko kati ya miji miwili iliyo mbali ni sehemu ya gharama ya onyesho, kama zilivyo taa na vipaza sauti.

Kwa vijana mnaosoma sanaa, iwe Chuo Kikuu au Bagamoyo katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 ambacho leo ni TaSUBa: msidhani kwamba asiyecheza hana sanaa. Jifunzeni hesabu za mlangoni, kuandika mikataba, kusoma ramani na kalenda ya mavuno. Taifa lina waimbaji wengi. Warangozi ni wachache.

Na kwa sisi watazamaji: onyesho likichelewa, au likaahirishwa kwa sababu kundi halijafika, tusiwe wepesi wa kurusha mawe na kudai kwa matusi. Pengine mahali fulani, penye njia panda, mtu mmoja amekata shauri kwamba watoto wa watu walale.

Nilipoondoka Tinde asubuhi ile mama ntilie alikuwa akikusanya vyombo vya lile kundi. Nikamwuliza kama walilipa wote. Akasema, "Yule baba mwenye daftari alilipa jana usiku, kabla hawajala. Akaniambia niwaamshe saa kumi na nusu." Nikamwuliza kama aliwaamsha. Akatikisa kichwa. "Nilimkuta yeye yuko macho tayari, baba, amekaa pale karibu na gari."

Tukutane Jumapili ijayo.